Shahidi wa Poni

Katika ofisi ile ya kamusi kila mhariri alikuwa na herufi yake, na ukikaa na herufi muda mrefu watu wanakusahau jina. Yule wa K aliitwa Bwana Ka, mtu mnene, mwenye kazi nyingi kuliko wote na malalamiko mengi kuliko kazi. Mhariri mkuu hakuwa na herufi, ila neno la mwisho lilikuwa lake siku zote, kwa hiyo walimwita Bwana Nukta, asipokuwapo. Na mwanamke aliyekaa karibu na dirisha, mwenye trei ya kadi za P tangu ujana wake, alikuwa Bi Pe. Hata fundi aliyekuja kuziba bomba la choo alimwita hivyo, akidhani ndilo jina alilopewa na babake.

Kazi yenyewe ilikwenda kwa kadi. Neno halikuingia kamusini kwa sababu tu mhariri analijua. Lilitakiwa kupata shahidi, yaani mtu wa kweli anayelitumia katika maisha yake, atoe sentensi kwa kinywa chake mwenyewe. Mhariri aliandika kadini jina la shahidi, umri, kazi na sentensi yake, na chini kabisa akajaza mstari mmoja kwa jibu la shahidi mwenyewe: uhusiano wake na mhariri wa herufi ile. Jibu likiwa mjomba, shemeji au wifi, kadi inachanwa hapohapo. Nyuma ya kila kadi kulikuwa na amri kwa wino mwekundu: Andika kama alivyosema shahidi. Usisahihishe.

Sheria ya undugu ilikuwa na chanzo chake. Zamani mhariri mmoja wa M, mvivu wa kutembea, alijaza herufi nzima kwa maneno ya mama mkwe wake. Kamusi ikatoka, na wasomaji wakashangaa kwa nini kila mfano, kuanzia mbu hadi mzigo, unamsema mwanamume fulani anayelala mchana. Tangu hapo Bwana Nukta alitangaza kwamba sheria ni msumeno, na yeye ndiye aliyeushika mpini.

Sasa tuje kwenye poni, maana ndiye aliyeleta haya yote.

Bi Pe alipoajiriwa alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, mwenye cheti kipya na kiherehere cha mgeni. Akakabidhiwa neno poni. Maneno ya kigeni wakati huo yalikuwa yamesamehewa shahidi, vitabu vilitosha. Angeweza kumuuliza babake, ambaye alikuwa saisi, mtunza farasi, katika uwanja ambako watoto walifundishwa kupanda. Alikuwa na poni kumi na mmoja mikononi mwake, akiwasugua, akiwasafisha kwato na kuwagombeza kwa majina. Lakini kijana mwenye cheti hamuulizi babake kitu. Alifungua vitabu vya asili ya maneno akalifuata neno kinyumenyume. Sisi tulilipata kwa Waingereza, Waingereza kwa Waskoti, Waskoti kwa Wafaransa, na Wafaransa walikuwa wamelitoa kwenye neno la kale la Kilatini, lililomaanisha kitoto cha mnyama. Akaona pia jinsi lilivyozaa maana nyingine huko njiani: bilauri ndogo ya kinywaji, na ule mtindo wa nywele kufungwa kisogoni zikaning'inia mkia. Kila alipolikuta lilishika kitu kidogo. Akafurahi, akaandika: poni, mtoto wa farasi.

Kosa hilo ni la watu wa vitabu peke yao. Mtu wa kawaida akitaka kumjua farasi humtazama farasi. Mtu wa kamusi humtazama babu wa jina la farasi. Ni kweli neno lilizaliwa na maana ya mtoto, lakini lilibadilika safarini, na poni wa leo ni farasi kamili, mwenye nguvu zake na ukorofi wake, ila ni wa kabila fupi. Hata aishi vipi hatarefuka. Mtoto wa farasi ni kitu kingine kabisa, na kila saisi duniani angekwambia hivyo bila kuinua macho kwenye ndoo yake.

Siku kamusi ilipotoka, Bi Pe alikwenda nayo nyumbani na kumsomea babake neno hilo kwa sauti ya kujivuna. Mzee alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini.

"Rudia," alisema.

Akarudia.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa yaya?"

Akacheka hadi machozi yakamtoka, na mama watu, ambaye wakati huo alikuwa hai, akacheka naye, na mdogo wake Bi Pe akacheka zaidi ya wote, kwani wadogo hawakosi nafasi kama hiyo. Bi Pe hakucheka. Alidhani mambo yameishia hapo.

Kesho yake, saa nne asubuhi, saisi alifika kwenye lango la ofisi akiongoza poni. Poni huyo aliitwa Bibi. Alikuwa na miaka ishirini na minane, mdomo wa chini umelegea, nywele za usoni zimeingia mvi.

"Niitieni mkubwa wa maneno," mzee alimwambia mlinzi.

Bwana Nukta akashuka ngazi na miwani yake. Saisi akamfungua Bibi mdomo kwa vidole viwili.

"Tazama meno, bwana. Marefu, ya manjano, yamelala mbele. Huyu ana vitukuu. Kamusi yako inasema huyu ni mtoto."

Bwana Nukta aliinama akayatazama meno kwa umakini uleule aliowekea mkato na nukta, na Bibi akampiga chafya ya nguvu iliyofunika miwani yote. Madirishani ofisi nzima ilivunjika mbavu. Bi Pe alikuwa nyuma ya kabati la kadi, akiomba ardhi ipasuke immeze.

Bwana Nukta, nisimwonee, alikuwa mtu wa haki. Alifuta miwani, akasema, "Mzee, umenishinda. Toleo lijalo tutasahihisha, na safari hii kwa shahidi. Hatutaki vitabu tena."

"Shahidi si mimi hapa?"

"Wewe ni baba wa mhariri."

Mzee akageuka kulitafuta kabati. Alijua binti yake yuko wapi; mtu aliyelea farasi anajua anayejificha amesimama wapi. "Mwanangu," alisema, "mwambie basi kuwa mimi najua."

Bi Pe akajitokeza. Wenzake wote walikuwa wanamtazama, na mambo mengi mazuri angeweza kuyasema. Alisema, "Baba, sheria ni sheria."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akamfuta Bibi pua kwa mkono wa shati lake, akamgeuza taratibu, wakaondoka zao wawili. Hakumlaumu binti yake siku ile wala siku nyingine. Ila kila toleo jipya lilipotoka aliuliza swali lilelile, tena kwa mzaha, ili asimtie mtu simanzi.

"Nimo?"

"Bado, baba."

Toleo la pili lilipita hivyo, na la tatu. Si kwamba Bi Pe hakutafuta. Alitafuta mashahidi wengine mpaka viatu vikaisha visigino. Uwanja wa farasi ulikuwa umefungwa na kujengwa maghala. Masaisi wawili walikuwa wamefariki, wa tatu alihama bila kuacha anwani. Wengine wote aliowauliza, mwalimu, mchora picha za vitabu vya watoto, muuza midoli, walimjibu bila kusita kwamba poni ni mtoto wa farasi. Alipowauliza wamejuaje, walisema, kwani wewe huna kamusi? Kosa lake lilikuwa limejizalia mashahidi. Kadi saba zilikaa kwenye trei yake zikimshuhudia kwa neno alilolipotosha mwenyewe, na kwa sheria za ofisi kadi saba zinashinda kadi sifuri.

Aliyebaki duniani, kwa kadiri alivyojua, aliyemwita mnyama mzima poni kwa sababu alimlisha na kumzika, alikuwa mtu mmoja. Na huyo hakuruhusiwa.

Halafu mzee akaanza kusahau.

Kwanza alisahau njia ya dukani. Akasahau miezi. Akamsahau mkwewe, mume wa yule binti mdogo ambaye mzee aliishi kwake, na kwa hilo hakuna aliyelia sana, hata mkwe mwenyewe. Lakini msiba ulikuwa njiani. Jumapili moja Bi Pe aliingia chumbani, akaamkia, na babake akainuka kitini kama anavyoinuka mtu mwenye adabu mbele ya mgeni. "Karibu, mama," alisema. "Unamtafuta nani?" Mdogo wake alibaki kidogo katika kumbukumbu, kwa kuwa ndiye aliyemwogesha kila siku, ingawa naye alijulikana kama yule wa taulo. Bi Pe hakubaki kabisa. Tangu hapo alikuwa akija, anakaribishwa upya, anaagwa kwa heshima, na akifika kwenye kona ya barabara anasimama kando ya ukuta alie kwanza ndipo aende zake. Watu walimwambia ajipe moyo, mzee bado anakula vizuri. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Basi likaja toleo la nne, la mwisho kwa Bwana Nukta kabla ya kustaafu. Trei zote zilitakiwa kufungwa Ijumaa. Alhamisi jioni Bi Pe alitoka kazini akaenda kwa mdogo wake. Hakwenda kwa ajili ya kadi, naapa kwa niaba yake. Alikwenda kwa sababu kesho angefunga poni akiwa mtoto wa farasi kwa mara ya nne, na alitaka kukaa karibu na mtu aliyemkosea, hata kama mtu huyo hana habari.

Chumba kilikuwa kidogo na safi: kitanda cha chuma, kiti cha plastiki, taulo mbili kwenye kamba. Ukutani, kwenye msumari, ilining'inia lijamu ya Bibi, ile hatamu ya kutia kinywani, chuma chake kimelika upande mmoja alipozoea kuitafuna. Mzee alikuwa amekaa dirishani. Alimkaribisha, akauliza habari za safari. Bi Pe akaweka mkoba wake kitandani na kadi tupu zikachungulia.

"Makaratasi gani hayo, mama?"

"Kadi, mzee. Nafanya kazi ofisi ya kamusi."

Uso wa mzee ukachangamka. "Kamusi! Binti yangu yuko huko. Utakuwa unamfahamu."

Bi Pe alisema anamfahamu kidogo.

"Ana akili sana yule. Akili mpaka zinamwagika. Lakini alikosea neno moja." Akasogeza kiti. "Alisema poni ni mtoto."

"Ulimkasirikia?"

"Aa, nimkasirikie nini? Alisoma vitabu, na farasi hawaandiki vitabu." Akaitazama ile lijamu. "Kuna siku nilikwenda kazini kwake. Nilimtia aibu, nadhani. Alikuwa na wenzake. Nikirudi njiani nikawaza, mzee mzima, umekwenda na mnyama kwa watu wenye viatu vya ofisini, ulitaka nini? Sikulala siku ile. Ukimwona mwambie sikuwa na nia mbaya."

Bi Pe aliuma mdomo. Miaka yote alikuwa amebeba ile aibu akidhani ni yake peke yake, kumbe na mzee alikuwa na fungu lake, na hakuna aliyemwambia mwenzake. "Nitamwambia," alisema.

Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alikuwa amesikia yote.

"Na wewe, mzee, poni ungemwelezaje?" Bi Pe aliuliza, na mkono wake tayari ulikuwa umechukua kadi. Hata yeye hakujua umeichukua saa ngapi. Mikono ya kazi haingoji ruhusa.

Mzee hakufikiri. Jibu lilitoka moja kwa moja, zima, kana kwamba lilikuwa mdomoni tangu siku ile ya lango.

"Nilimpandisha binti yangu mgongoni mwa poni, ana miaka minne, akaniuliza huyu atakua lini. Nikamwambia, huyu keshakua, wa kukua ni wewe."

Bi Pe akaandika. Herufi zilimcheza machoni lakini aliziandika. Akauliza jina, mzee akalitaja lake na la babake na la babuye, bila kukosea hata moja. Umri akakadiria. Kazi akasema, "Saisi," akanyoosha mgongo. Ukabaki mstari wa chini.

"Dada," mdogo wake alisema kwa sauti ndogo. "Hilo usimuulize. Nakuomba."

"Lazima aulizwe."

"Jaza mwenyewe."

"Siwezi kujaza mwenyewe. Nikijaza mimi, inachanwa."

Akamgeukia babake, akasoma kama ilivyoandikwa. "Shahidi ana uhusiano gani na mhariri wa herufi hii?"

"Mhariri ndiye nani?"

"Ndiye mimi."

Mzee akamtazama. Hakumtazama juujuu; alimtazama kwa bidii, kwa huruma, kama mtu anayepekua mfuko wake kwa ajili ya mgeni aliyeomba kiberiti. Na wakati ule, nasema ukweli, Bi Pe hakutaka tena kuandika neno lolote. Alitaka babake aseme, ni binti yangu. Aseme hivyo kadi ichanwe vipande mia, poni abaki mtoto hadi mwisho wa dunia, kamusi yote iende na maji. Alishika kalamu na kungoja.

"Hatuna uhusiano, mama," mzee alisema. "Ndiyo kwanza nakuona. Lakini karibu tena siku nyingine, hapa hatufukuzi watu."

Mlangoni mdogo wake aliweka kikombe sakafuni, akaenda jikoni, na maji yakasikika yakifunguliwa ili kilio kisisikike. Bi Pe aliandika: Hakuna. Kisha akatoa kidau cha wino mkobani, maana kadi ilidai alama ya shahidi, akashika mkono wa babake, akalowesha kidole gumba na kukibandika kadini. Kovu la kung'atwa na Bibi mwaka wake wa kwanza kazini lilitoka katikati ya alama, mstari mweupe. Aliendelea kuushika mkono ule muda mrefu kuliko wino ulivyohitaji, na mzee, kwa adabu, hakuuondoa.

Ijumaa Bwana Nukta aliipitia kadi. Akalisoma jina, mara mbili. Akasoma sentensi. Alipofika chini alivua miwani, ileile au nyingine kama ile.

"Hapa pameandikwa hakuna."

"Ndivyo alivyosema shahidi."

"Nami nilimwona shahidi huyu langoni pangu."

"Nyuma ya kadi, bwana, imeandikwa tusisahihishe."

Bwana Nukta aliigeuza kadi, akaitazama ile amri nyekundu aliyoitunga mwenyewe. Alitazama pia kadi saba za kina mwalimu na muuza midoli. Akauliza, kwa sauti ambayo Bi Pe hakuwahi kuisikia kwake, "Mzee alikujibu hivyo usoni?"

"Alinijibu hivyo."

Akachukua zile saba akazikunja na kuzitia kapuni. Hiyo haikuwa sheria. Ndiyo mara ya pekee watu walimwona akiivunja. Kisha akapiga muhuri kadi ya saisi, na alipoirudisha alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

Kitabu kilitoka baada ya miezi saba. Bi Pe alikibeba hadi chumbani kwa mzee, akakaribishwa, akaulizwa habari za safari. Mzee alikuwa amekonda, na hakuwa anauliza tena lile swali lake. Bi Pe akalijibu hivyohivyo.

"Umo, baba."

"Nimo wapi, mama?"

Akafungua penye P, akamsomea polepole. "Poni, farasi mzima wa aina fupi. Nilimpandisha binti yangu mgongoni mwa poni, ana miaka minne, akaniuliza huyu atakua lini. Nikamwambia, huyu keshakua, wa kukua ni wewe."

Mzee alisikiliza kichwa amekiinamisha upande, kama alivyokuwa akisikiliza kwato zikigonga sakafu ya banda.

"Aliyesema hayo anawajua farasi," alisema.

"Anawajua sana."

Akafikiri kidogo. "Na yule binti? Alikua?"

Bi Pe alikifunga kitabu juu ya kidole chake ili asipoteze ukurasa.

"Alikua, baba," alisema. "Alichelewa, lakini alikua."

"Basi vizuri," mzee alisema, akamsogezea mgeni kiti.